Mwalimu Ajipime Kwanza

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imetuletea walimu moduli za kusoma mtandaoni, kisha tuzijadili katika jumuiya za ujifunzaji shuleni. Ni jambo jema. Ila ninavyoona mimi, mwalimu wa hisabati, wanaofaidi si wenye simu za bei kubwa, bali wanaojipima kwanza. Mwenzangu mmoja, mtu mzima, hushika daftari kabla ya simu. Juzi aliandika: “Sehemu: nashindwa kueleza kwa nini tunatafuta asili moja kabla ya kujumlisha.” Kwenye moduli akasoma hilo tu, mpaka likamkaa akilini. Wanaojiamini kupita kiasi hukimbiza kurasa hadi mwisho. Waoga huwapa watoto wao simu wawabonyezee. Maafisa elimu kata, nawasihi: kabla ya moduli mpya, mpeni mwalimu saa moja ajipime, bila mkaguzi, bila alama.