Akili Mnemba Haijakanyaga Ushongo

Maji yakipwa, chombo kinachotoka Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, hukuta fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari. Hicho ndicho Kisiwa cha Maziwe, kilichofanywa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Leo mchanga ni mtupu, na maji yakijaa huumeza wote. Kasa bado hupanda kutaga pale, na ili mayai yasife maji, huhamishiwa ufukweni Ushongo.

Ofisa anayeandaa mpango wa pwani hii akiiomba akili mnemba imsaidie, yaweza kumwandikia aya tamu juu ya miti ya Maziwe. Haikusudii uongo. Modeli kubwa ya lugha hulishwa maandishi mengi mno, ikayakata vipande na kujizoeza kukisia kipande gani hufuata kipi. Haina macho ya kwenda kutazama. Ripoti ya miaka hamsini iliyopita na ya juzi huweza kuchanganyika humo kama mchele na chuya.

Tena maandishi hayo si yetu. Katika GPT-3, modeli ya mwaka 2020, zaidi ya asilimia 90 ya maneno yalikuwa ya Kiingereza. Bamvua, neno linalompa mvuvi habari ya maji makubwa, lina nafasi gani humo?

Hatari yenyewe imekwisha kuonekana. Mwaka 2025 kampuni ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti ya takriban dola 440,000 za nchi hiyo, baada ya kugundulika kuwa ripoti hiyo, iliyoandaliwa kwa msaada wa akili mnemba, imetaja maandiko yasiyokuwapo. Wale ni wataalamu wenye maktaba na wanasheria. Halmashauri yenye ofisa mmoja wa uvuvi na kompyuta moja itajikingaje?

Watendaji na waitumie mashine hii, kwani kazi ni nyingi na mikono ni michache. Waipe muhtasari wa mkutano wa kijiji iufupishe. Waipe maneno ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iyaeleze kwa lugha nyepesi, kisha wayalinganishe kifungu kwa kifungu. Majina na simu za wavuvi wasiyatie humo kamwe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si pambo.

Na rasimu ya sheria ndogo, iwe ya kokoro au ya kasa, isiishie mezani. Ipelekwe diko ngalawa zikirudi, isomwe kwa sauti mbele ya wavuvi na akina mama wachuuzi wa samaki. Mzee akinyoosha mkono kusema kasa hupanda upande ule, si huu, kalamu ipite juu ya sentensi ya mashine palepale, naye akiona.