Wenye mitaji waulizie kisakinishi kabla ya kutoa fedha

Ukurasa huu umezoea kuwapa wasomaji habari za mwani wa Mlingotini, za chumvi, za kamba, na za mazao yanayopanda magari kuelekea Dar es Salaam. Wiki hii tunaweka mizani kando na kuzungumzia bidhaa isiyopimwa kwa kilo, ambayo hata hivyo wafanyabiashara wengi kati ya Bunju na Bagamoyo wanailipia: programu za kompyuta. Na katika bidhaa hiyo tutagusa sehemu moja tu, ile ambayo muuzaji huipita haraka na mnunuzi haiulizi kabisa. Sehemu hiyo ni kisakinishi, ambacho vijana wetu wa kompyuta hukiita setapu.

Kwa ndugu msomaji asiyekuwa fundi, jambo lenyewe liko hivi. Programu ya kutunza hesabu za duka huandikwa kwa lugha ya kompyuta, kwa mfano Python. Lugha hiyo haitoshi peke yake. Huhitaji maktaba, yaani mafungu ya msimbo yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine: moja la kuchapa risiti, jingine la kutunza kumbukumbu, jingine la kuchora chati za mauzo. Maktaba nyingi ni za hiari. Programu moja huzitaka tatu, nyingine thelathini. Kisakinishi ndicho kinachochukua lugha pamoja na maktaba hizo na kuziweka katika kompyuta ya mteja kwa mpangilio unaofanya kazi.

Yapo mawazo mawili juu ya namna ya kukitengeneza. La kwanza ni kufunga kila kitu katika faili moja. La pili ni kumpa mteja faili dogo ambalo, likifunguliwa, huenda mtandaoni kuchukua vilivyobaki. Wazo hili la pili linapendwa sana na mafundi wa Ulaya na Marekani, na sababu zao zinaeleweka: faili ni dogo, na kila mteja anapata toleo jipya la siku hiyo. Maoni yetu ni kwamba kwa pwani yetu hiyo ni biashara mbaya, na anayeweka fedha zake katika kampuni inayofanya hivyo ananunua hatari ambayo haikuandikwa katika mkataba.

Wasomaji watakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Tena mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo, programu ya dukani iliyokwisha kusakinishwa na isiyotegemea mtandao inaendelea kuuza saruji na misumari kama kawaida. Lakini kompyuta iliyoharibika siku hiyohiyo na kuhitaji kuanza upya inakaa, na mwenye duka anarudi kwenye daftari.

Tuache maafa, tuhesabu siku ya kawaida. Tuseme mteja ana bando ambalo MB moja inamgharimu shilingi 2. Kisakinishi kamili cha Python kwa Windows kina ukubwa wa MB 30 hivi, sawa na shilingi 60. Hakuna wa kulalamika hapo. Anaconda, ambayo ni Python iliyofungwa pamoja na mamia ya maktaba za hesabu na takwimu, inakaribia GB 1. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa kompyuta moja, na shilingi 40,000 kwa chumba cha shule chenye kompyuta 20, ikiwa kila moja itapakua yake. Bando likiisha katikati, au umeme ukikatika, kisakinishi kibaya huanza mwanzo, na fedha iliyotumika haina risiti.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mzigo mkubwa ndio mzuri. (Na hiyo Anaconda, kwa taarifa ya wanaouzia makampuni makubwa, masharti yake hutaka malipo kwa taasisi za kibiashara zenye watu zaidi ya 200.) Tunachosema ni kwamba mtu fulani lazima akae chini achague kinachoingia na kinachobaki, na kazi hiyo ya kuchagua ndiyo yenye thamani.

Bagamoyo ya karne ya 19 iliijua kazi hiyo vizuri. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungiwa hapa, na mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32. Vitambaa, shanga na nyaya viliingia kwa vipimo, kwa sababu aina ya shanga iliyokubalika katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya mbele. Aliyefunga shanga zisizotakiwa alikwama njiani akiwa na mzigo mzima kichwani mwa watu, na aliyetumaini kununua kila kitu huko mbele alikwama vilevile.

Leo mfano ulio karibu nasi ni Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanzania. Humo amri ya kuonyesha kitu kwenye kioo ni "andika", sharti huanza na "kama", kinyume chake ni "sivyo", na kuita maktaba ni "tumia". Maktaba zake za msingi, kama za muda, hisabati na mtandao, zimo ndani ya faili lenyewe la lugha. Kwa hilo watengenezaji wamepatia sana. Mwalimu akiwa na faili hilo katika flashi, ana lugha na vifaa vyake vyote vya kuanzia, na anaweza kuviweka katika kompyuta 20 bila kununua hata MB moja.

Mahali ambapo hawakupatia mwanzoni ni mlangoni. Maelekezo ya matoleo ya awali kwa Windows yalimtaka mtu atengeneze folda, abadilishe jina la faili, alihamishie humo, kisha aandike amri ya kuiambia Windows lilipo. Baadaye kikaja kisakinishi cha kubonyeza, na ilikuwa ni lazima kije. Mwalimu wa hesabu wa Kerege mwenye kipindi cha dakika 40 hawezi kumaliza hatua nne na wanafunzi wote. Hata Python, yenye umri wa zaidi ya miaka 30 na fedha za wafadhili wakubwa, imewatesa wageni kwa jambo hilohilo: kisanduku cha kuiambia Windows ilipo lugha huja kikiwa hakina alama. Mgeni humaliza kusakinisha, huandika jina la lugha, na kompyuta humjibu kwamba haiioni. Kwa maoni yetu alama hiyo ingekuwepo tangu mwanzo, kwa sababu asiyejua kisanduku ni cha nini ndiye anayekihitaji zaidi.

Sasa lipo jambo ambalo mafundi wetu wanapaswa kulijua mapema. Watengenezaji wa Python wametangaza kwamba kisakinishi cha zamani cha Windows, kile kilichobeba kila kitu, hakitatolewa kuanzia toleo la 3.16. Nafasi yake inachukuliwa na programu ya kusimamia usakinishaji, ambayo kwa kawaida huchukua matoleo mtandaoni. Kwa haki yao, wameweka njia ya kupakua mara moja na kusakinisha baadaye bila mtandao, lakini ni lazima fundi ajue kuiomba. Asiyejua ataenda Makurunge na faili dogo mfukoni, atakuta mtandao hafifu, na atarudi Dar es Salaam bila kazi.

Aidha, kutegemea ghala la mtandaoni kuna hatari isiyohusu mkonga wala bando. Tarehe 22 Machi 2016 mtunzi mmoja wa msimbo aliondoa maktaba yake iitwayo left-pad katika ghala la lugha ya JavaScript. Ilikuwa na mistari 11 tu. Programu nyingi duniani zilizoitegemea, nyingine bila wenyewe kujua, zikashindwa kujengwa siku hiyo hadi maktaba iliporudishwa. Kampuni iliyokuwa na nakala yake yenyewe haikutikisika.

Wapo watakaosema kwamba mzigo uliofungwa huchakaa: kasoro za usalama zinagunduliwa kila mwezi, na flashi inayopita mikono mingi hubeba virusi. Hoja hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Lakini dawa yake inajulikana. Kisakinishi kipewe tarehe na namba ya toleo, kitiwe saini ya kidijitali ya muuzaji ili nakala iliyochezewa ikataliwe, na kitolewe kipya kila baada ya miezi mitatu kama ambavyo muuzaji wa pembejeo huleta mbegu za msimu. Vilevile maktaba za hiari ziwe ndani ya faili hilohilo, kila moja na kisanduku chake, zile za kuchapa risiti na kutunza kumbukumbu zikiwa na alama tayari, na zile za takwimu nzito zikisubiri anayezitaka. Usakinishaji usidai nywila ya msimamizi, kwa sababu kompyuta nyingi za ofisi hutumiwa na watu wasioijua. Ukikatizwa na umeme, uendelee pale ulipoishia.

Kazi hiyo inagharimu, na hapa ndipo wenye mitaji midogo wanapohusika. Kampuni changa za programu zikija kuomba fedha huonyesha picha nzuri za kioo na idadi ya wateja wanaotarajiwa. Tuseme kampuni ina wateja 50 kandokando ya barabara hii, kila mmoja akahitaji fundi afike mara moja kwa mwaka kusakinisha upya, nauli na posho vikiwa shilingi 30,000. Hiyo ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu siku ambazo fundi hakuandika programu mpya. Kisakinishi kizuri ambacho mwenye duka anakifungua mwenyewe kinaondoa sehemu kubwa ya fedha hiyo katika matumizi. Muulize mwenye kampuni ni nani anayekitunza, na analipwa kiasi gani. Kama jibu ni kwamba kijana fulani hufanya akipata nafasi, punguza bei unayokubali kulipa kwa hisa.

Kwa mwenye duka jaribio ni jepesi zaidi. Kabla ya malipo ya mwisho, mwombe fundi alete kompyuta isiyo na kitu, azime data ya simu, achomeke flashi na kusakinisha mbele yako, huku mtu wako wa mauzo, ambaye si fundi, ndiye anayebonyeza.