Kupanga Mahitaji ya Karakana: Hesabu Tusiyoifundisha

Mwalimu aandikapo ubaoni kwamba seremala ana mbao 40, na kwamba kila dawati hula mbao 5, kisha akauliza yatapatikana madawati mangapi, amekwisha kumfanyia mtoto sehemu kubwa ya kazi. Namba mbili zimewekwa mbele yake. Kilichobaki ni kuchagua alama. Seremala wa kweli hapati swali la namna hiyo. Yeye huletewa habari kwamba madawati 30 yanatakiwa siku fulani, basi. Na namba nyingine zote itampasa azitafute mwenyewe, baadhi kwa kulivunja dawati vipande vipande kichwani mwake, baadhi kwa kuingia ghalani na kuhesabu, na baadhi kwa kuitazama kalenda.

Sisi tunaona kwamba kazi hii ya kupanga vifaa kabla ya kutengeneza kitu yafaa ifundishwe katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, tena ifundishwe na mwalimu wa hisabati, isiachiwe mwalimu wa kazi za mikono peke yake. Wapo wenzetu wasemao kwamba hayo ni mambo ya viwanda na wahasibu, na kwamba mtoto atayakuta huko mbele. Hoja hiyo haitutoshelezi. Tangu mwaka 1967, ilipotangazwa Elimu ya Kujitegemea, shule zetu zimeambiwa ziwe mahali pa kujifunza na pa kutenda kazi pamoja. Lakini mara nyingi mambo hayo mawili yamekaa kama majirani wasioamkiana: hesabu darasani asubuhi, randa na misumeno alasiri, na hapana daraja kati yake.

Tuanze na wazo lenyewe, maana ni jepesi kuliko linavyodhaniwa. Zamani viwanda vingi viliendesha ghala kwa kanuni moja tu: kitu kikipungua hadi kiasi fulani, agiza kingine. Kanuni hiyo yafaa sana kwa chaki, kwa sababu chaki hutumika kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana. Haifai kwa miguu ya dawati. Mwaka 1975 Joseph Orlicky, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza tofauti hiyo kwa urefu. Alisema yapo mahitaji yatokayo nje, kama vile idadi ya madawati yatakayoagizwa, ambayo mara nyingi hatuna budi kuyakisia. Na yapo mahitaji yanayozaliwa na hayo ya kwanza, kama idadi ya miguu na parafujo. Haya ya pili hayakisiwi, huhesabiwa. Tukijua madawati, tumekwisha kuijua miguu, na mtu anayekisia idadi ya miguu anabahatisha jambo ambalo jibu lake liko mkononi mwake.

Sasa mwanachuo na achukue kalamu afuatane nasi. Shule inataka madawati 30, kila moja la kukaliwa na watoto watatu. Dawati lina viunzi viwili vya ubavuni, na kila kiunzi kimeungwa kwa vipande vinne vya mti, kila kimoja cha futi mbili na nusu. (Ubao wa kuandikia na wa kukalia tuuache kwa leo.) Ghalani mna viunzi 12 vilivyokwisha kuungwa, na vipande 50 ambavyo havijaungwa.

Mtoto aliyezoea maswali yetu ya kawaida atazidisha mara moja: 30 mara 2 mara 4, apate vipande 240, kisha atatoa 50 na kusema 190. Hesabu yake ya kuzidisha haina kosa, wala ya kutoa haina kosa, na jibu si sahihi. Amesahau kwamba vile viunzi 12 vimebeba ndani yake vipande 48. Njia iliyo sawa ni kushuka ngazi kwa ngazi na kuondoa kilichopo katika kila ngazi kabla ya kushuka nyingine. Viunzi 60 vyatakiwa, 12 vipo, hivyo 48 ndivyo vya kutengenezwa. Viunzi 48 vyahitaji vipande 192. 50 vipo, hivyo 142 ndivyo vya kukatwa. Huu ndio moyo wa somo lote, na tungependa mwalimu asiharakishe hapa. Awaache watoto wabishane juu ya 190 na 142. Awape njiti za kiberiti, wajenge viunzi 12 vya mfano, waviweke mezani, ili wauone kwa macho ule mti uliojificha ndani ya kitu kilichokwisha kuungwa.

Halafu linakuja suala la kununua mbao, na hapa hesabu ya vitabuni inaweza kumtia mtu hasarani. Mbao zinauzwa kwa urefu wa futi 12. Vipande 142 vya futi mbili na nusu ni futi 355 kwa jumla; ukigawanya kwa 12 unapata 29 na kitu, basi utaagiza mbao 30. Lakini ubao wa futi 12 hutoa vipande vinne tu, na kipande cha futi mbili hubaki kisiweze kuwa mguu. Mbao 30 zitatoa vipande 120. Ukijumlisha na 50 vya ghalani utakuwa na 170, navyo vitatoa viunzi 42. Pamoja na vile 12 ni viunzi 54, yaani madawati 27. Watoto tisa watakaa sakafuni siku ya kufungua shule, kwa sababu ya baki ambalo mtu alilichanganya na mengine kana kwamba mti ni maji. Jibu lililo sawa ni 142 kugawanya kwa 4, yaani 35 na nusu. Na kwa kuwa duka haliuzi nusu ubao, tununue 36. Tumeona wanachuo wakifundisha mabaki kwa majuma mawili bila kupata mfano mmoja ambao baki lina maana kubwa kiasi hiki.

Baada ya idadi, siku. Tuseme madawati yatakiwa darasani tarehe 30. Vanishi na kukauka kwake huchukua siku 3, basi kuunga kumalizike tarehe 27. Kuunga huchukua siku 6, basi kuanze tarehe 21. Kukata siku 2, basi kuanze tarehe 19. Mbao hufika siku 7 baada ya kuagizwa, kwa hiyo ziagizwe tarehe 12. Parafujo nazo hutoka mjini na huchukua siku 14, ila hazihitajiwi hadi kazi ya kuunga ianze tarehe 21. Ziagizwe lini? Tarehe 7. Kumbe kitu kidogo kuliko vyote, kitakachotumika nyuma ya mbao, ndicho cha kuagizwa mbele ya mbao. Hatudhani kuna mtoto wa miaka kumi na miwili asiyeshangazwa na jambo hilo akiligundua mwenyewe. (Jumapili tumeziacha kwa makusudi, darasa zuri litazikumbuka bila kuambiwa.)

Mwanachuo mwerevu atauliza: kwa nini tusijaze ghala tu, tukaepukana na taabu yote hii? Swali hili lina uzito. Kampuni ya Toyota ya Japani, kwa uongozi wa Taiichi Ohno, ilipata sifa duniani kwa kuweka akiba ndogo sana na kuletewa kila kitu karibu na saa ya kukitumia. Lakini tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina moja zilizotumiwa na Toyota. Na kwa kuwa akiba ilikuwa ya saa chache tu, viwanda vingi vya kuunda magari vilisimama kwa siku kadhaa kwa kukosa kitu kinachoenea kiganjani. Nasi Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tuliona viwanda vikifanya kazi chini sana ya uwezo wake kwa sababu fedha za kigeni za kununulia malighafi na vipuri zilikuwa haba. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia watoto kwamba akiba ni upotevu. Panapokuwa na barabara inayokatika masika, akiba ya parafujo ni busara. Akiba ya vipande vya mti vilivyokatwa kwa vipimo vya dawati ambalo halitatengenezwa tena si busara, maana fedha imelala humo na mchwa wanaila. Akiba na iwekwe kwa kile kitokacho mbali na kichelewacho, na kiasi chake kihesabiwe.

Shule isiyo na karakana isikate tamaa. Matofali ya kuchoma, sare zinazoshonwa na mafundi wa jirani, hata mikate ya mahafali, vyote huvunjika ngazi kwa ngazi kwa njia ile ile.

Kuna sharti moja ambalo hatutaki lipuuzwe. Kabla ya somo, watoto waingie ghalani wahesabu wenyewe, kisha walinganishe na leja. Huenda leja ikasema vipande 50, nao wakakuta 41. Mwalimu asiwanyamazishe, wala asigeuze somo kuwa msako wa mwizi. Huenda tisa vilitumika kukaza mlango na hapakuandikwa kitu. Awaagize wasahihishe leja, waandike tarehe, kisha wairudie hesabu yao: vipande vya kukatwa sasa ni 151, na mbao za kununuliwa si 36 tena bali 38.