Sehemu ya Pili Haiko kwa Silabasi

Septemba 2019 nilikuwa bado na kitambulisho cha chuo na deni la karo, yaani nilikuwa mwanafunzi. Tarehe 10 mwezi huo Margaret Atwood akatoa The Testaments, mwendelezo wa The Handmaid's Tale. Kitabu cha kwanza ni cha 1985. Miaka 34 imepita, watu wameshazoea kwamba hadithi iliishia pale ilipoishia, halafu Novemba 2018 mama wa watu anatangaza kwamba kuna ya pili. London watu walikesha dukani wakingoja saa sita ya usiku ifike wauziwe. Sisi huku tulikuwa kundi la watu saba kwa WhatsApp. Tulichanga, tukanunua nakala moja, tukapangiana siku tatu tatu. Aliyechelewesha alitukanwa. Mimi nilikuwa wa tano, na niliisoma ndani ya matatu mpaka nikapitishwa steji yangu ya Kangemi, nikajikuta Uthiru usiku.

Sijutii hata shilingi moja. Mtu akikwambia vijana wa Nairobi hawasomi, mpe hiyo hadithi.

Lakini nina kesi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Mwezi huo huo niliingia duka moja la vitabu hapa tao kuuliza Mzingile ya Euphrase Kezilahabi. Nilikuwa nimemaliza Nagona, nakala isiyo na jalada niliyookota kwa vitabu vya chini pale Tom Mboya Street, shilingi hamsini. Dada wa kaunta aliandika jina kwa kompyuta, akaangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hiyo ni ya fomu gani?" Nikamwambia si ya fomu yoyote, ni sehemu ya pili ya kitabu nilichosoma. "Pole basi. Kama haiko kwa silabasi, hatuna."

Nilitoka nikicheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba dada yule alikuwa amenieleza hali ya riwaya ya Kiswahili nchini Kenya kwa sentensi moja, na bila malipo.

Hebu angalia mashine yenyewe. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, inachapishwa kama mkate. Ilikuwa Kidagaa Kimemwozea, ikaja Chozi la Heri, ikaja Nguu za Jadi. Kila mtoto wa sekondari lazima aipate, anunue au aazime. Pembeni yake kuna mwongozo, na wengi wanasoma mwongozo bila kufungua kitabu: maudhui, sifa za mhusika, tashbihi iko ukurasa gani. Muda wake ukiisha kinatolewa, kinaingia kingine, na kile cha zamani kinahamia kwa vitabu vya chini na majina ya watoto wanne yameandikwa ndani ya jalada, kila jina limekatwa isipokuwa la mwisho.

Sasa niambie, ndani ya mashine hiyo mwendelezo utakaa wapi? Sehemu ya pili haiwezi kuteuliwa, kwa sababu mtahiniwa hakusoma ya kwanza. Na aliyesoma ya kwanza amefunzwa kwamba kitabu ni kitu cha kumalizana nacho. Ukitoka chumba cha mtihani mmeachana. Mwendelezo unataka mtu aliyebaki na swali. Sisi tulifunzwa kubaki na jibu, alama ishirini.

Kwa hivyo mchapishaji naye anapiga hesabu zake. Tangu Sheria ya VAT ya 2013 vitabu viliwekewa ushuru wa asilimia 16, karatasi si bure, na mteja wa uhakika ni shule. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Na usiniambie Kiswahili hakina distopia, kwamba hizo hadithi za dunia iliyoharibika ni za wazungu. Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitupa Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975 na Gamba la Nyoka 1979. Hizo ni riwaya za watu unaowajua: wazazi wakali, vijana waliosoma wakachanganyikiwa, vijiji vinavyosukumwa kuingia Ujamaa. Kisha kwa upande wa riwaya pakawa kimya muda mrefu. Waliokuwa wakimsoma walikuwa na kila sababu ya kungoja kijiji kingine. Mwaka 1990 akaja na Nagona, ambamo mtu asiye na jina anatembea mahali pasipoeleweka, anatafuta kitu kinachomkimbia, na wanafalsafa wakubwa wa Ulaya wanajitokeza kama wazee wa mtaa waliokuja matanga. Kabla watu hawajaamua kama wamekipenda au wamekasirika, 1991 ikafuata Mzingile.

Si mwendelezo wa kuambiwa nani alimuoa nani. Ni safari ile ile, ndani zaidi. Msimulizi anatumwa kumpelekea mzee habari ya kifo cha mwanawe, na ukisoma taratibu unaanza kushuku mzee huyo ni nani na mwana huyo ni nani, na unaangalia mlangoni kama mama yako anakuona. Kisha dunia inateketea. Kumbuka Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka 1989, kila redio inasema vita baridi imekwisha na mambo sasa ni mazuri, na mtu huyu ameketi Dar es Salaam anaandika yatakayobaki baada ya moto.

The Testaments ilinipa majibu, nikashiba, nikalala. Mzingile ilininyang'anya hata maswali niliyokuwa nimeyapanga baada ya Nagona. Niliisoma kwa fotokopi aliyonitumia rafiki, kurasa mbili zimekatwa pembeni, sentensi nyingine nikizikisia mwisho wake. Nikiulizwa ni mwendelezo upi bora, sitafutani na mtu, nasema Mzingile na ninaenda zangu.

"Lakini Kezilahabi ni mgumu." Nimeambiwa hivyo na msee ambaye aliangalia Dark misimu yote mitatu, kwa Kijerumani, huku akichora ukoo wa wahusika kwa daftari ili ajue nani ni babu ya nani. Ugumu si tatizo letu. Tunaupenda ugumu, tunaulipia bando. Tunachokataa ni ugumu wa lugha ambayo mwalimu alituchapia.

Na walinzi wa Kiswahili sanifu, msikae mkitabasamu hapo nyuma. Ninyi ndio mliotuambia kwamba kuandika "tao" badala ya "katikati ya jiji" ni kuchafua lugha. Ukimfunza mtoto miaka kumi na miwili kwamba lugha hii ni mahali pa kukosolewa, akitafuta starehe atakwenda kwingine. Nilikwenda.

Labda unaona hii ni kelele ya mtu aliyeacha chuo na ana muda mwingi. Basi nikupeleke Juni 2024. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni. Wiki zilizofuata vijana wakawa wanatekwa na watu wasiojitambulisha, na sisi tukijifunza kulala nyumba tofauti. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa bado lipo, watu watano sasa, na kila mtu alikuwa anatafuta jina la kuita kile alichokuwa akikiona. Mmoja akasema Gilead. Mwingine akasema Hunger Games. Tukajaza simu picha za Katniss. Mimi pia nilituma, usiku, nikiwa sakafuni kwa binamu yangu, taa imezimwa.

Na muda wote huo kulikuwa na Walenisi. Katama Mkangi, aliyekuwa mhadhiri wa sosiolojia, aliwekwa kizuizini 1986 wakati wa msako wa Mwakenya. Mwaka 1995 akachapisha riwaya ya mtu anayeitwa Dzombo, ambaye serikali ya nchi yake inamhukumu kifo kwa kumfungia ndani ya chombo na kumrusha angani. Dzombo anajifunza kukiendesha kile chombo cha kumuulia. Anatua kwenye nchi iitwayo Walenisi (igawanye taratibu: wale ni sisi), nchi inayofanya kila kitu kinyume cha kwao, na huko ndiko anakojifunza kwamba kwao si lazima kuwe vile kulivyo. Mtu aliyeiandika alikuwa amefungiwa na serikali kwelikweli. Miaka miwili baadaye akagombea urais, akashindwa vibaya, na 2004 akafa katika ajali ya barabarani.

Usiku ule sakafuni ningeweza kutuma "Dzombo" na watu wanne wangeelewa. Hawangeelewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesoma, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilisoma Walenisi mwaka uliofuata. Hilo ndilo linaloniuma. Hofu ilikuwa yetu, barabara zilikuwa zetu, Moi Avenue na Kimathi Street, na jina tuliazima.

Simkatai Katniss. Nasema tu kwamba shangwe ni kama chama cha akina mama: inakwenda kwa zamu, na zamu ya hawa haijawahi kufika. Atwood alikuwa na watu waliomngoja miaka 34, wanabishana, wanavaa nguo nyekundu mbele ya mabunge ya watu. Kezilahabi alifariki Januari 2020, miezi minne baada ya The Testaments kutoka, na kundi letu la wasomaji mahiri wa distopia halikuandika hata neno. Niliangalia juzi, nikarudi nyuma mpaka tarehe hiyo. Siku ile tulikuwa tunajadili msimu mpya wa filamu fulani.

Mwandishi kijana wa hapa akinieleza kwamba anaandika riwaya ya Nairobi ya 2060 na ina sehemu ya pili, huwa namuuliza ataiuza kwa nani, na huwa sote tunanyamaza. Kyallo Wamitila alitoa Bina-Adamu! 2002, ya kijiji cha utandawazi na safari ya kumsaka anayekiendesha kutoka mbali. Wangapi mnajua kwamba haikuwa ya mwisho, kwamba Musaleo! ilifuata? Mimi nilijua baada ya kuacha chuo, wakati hakuna aliyekuwa akinipa alama.

Mwaka jana hatimaye nilipata Mzingile ya karatasi, kurasa zote zimetimia. Sitakwambia nilitoa pesa ngapi. Iko kwa jirani yangu hapa Kangemi tangu Machi. Nikimkumbusha, anasema nimpe wiki moja, bado anarudia Nagona.