Ni nani ana ufunguo wa mashine yetu?



Wengine watasema hili ni jambo dogo. Kila kikundi chetu kiko na mashine moja, iko kwa kamarade fulani, na ndani yake kuna kila kitu: liste ya wanachama, video za maandamano, ushuhuda wa watu wenye walipigwa. Halafu kijana wa parsele mwenye anajua informatiki anasema: "Munifungulie, nitaitengeneza toka kwetu, Wi-Fi si ni moja?" Tunafungua. Hatuulizi kitu.

Sisi tunasema tuulize.

Tangu Windows Vista ya 2007, mashine ya nyumbani inakataa: ukiingia toka mashine ingine kwa konti ya administrata yenye mulijitengenezea, inakunyanganya nguvu za administrata. Unaona tu "hauruhusiwi". Basi fundi anaingia kwenye rejista, anaandika LocalAccountTokenFilterPolicy, anaweka 1, kazi inatembea. Toka siku hiyo, mwenye anajua neno la siri anafanya yote, bila mashine kuuliza mtu. Na lile neno la siri, tuseme ukweli, ni moja kwa mashine zote.

Kwetu ilifika hivyo. Kijana hakuwa mubaya, tunamushukuru hata leo. Lakini laptop yake ilichukuliwa barabarani, na neno letu la siri lilikuwa ndani. Wi-Fi ya parsele, hata watoto wa jirani wanaijua. Ile 1 ilikuwa imebaki miezi ine. Tuliwaza nini? Majina ya wenzetu.

Tena, mise à jour tunaziahirisha juu ya bei ya mega. WannaCry, Mei 2017, haikuhitaji neno la siri: ilipitia mlango wa kushirikiana mafaili, na Microsoft ilikuwa imetoa dawa tangu Machi.

Hatusemi fundi afukuzwe. Kuna siku hakuna namna ya kufika. Lakini apewe konti yake, na neno lake la siri. Kazi ikiisha, ile 1 irudi 0 na konti ifungwe. Rutere isifungue mlango wowote wa mashine hiyo kwa intaneti. Na liste ya majina itoke pale kabisa, iende kwenye kile yenye imefungwa kwa siri, mikononi mwa watu wawili.

Jumamosi hii, kabla ya mkutano, kila kikundi kiwashe mashine yake na kihesabu konti za administrata. Mukikuta moja yenye hamujui ni ya nani, mutoe kable kwanza, kisha mutuite.