Kufanyia kazi nyumbani: Nani atapiga kengele ya kutoka?

Mvutano kuhusu mahali ambapo mfanyakazi wa ofisi anapaswa kufanyia kazi yake bado haujamalizika. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani aliamuru watumishi wa serikali kuu warejee ofisini siku zote za kazi. Wiki chache kabla ya hapo kampuni ya Amazon ilikuwa imeanza kuwataka wafanyakazi wake wa ofisini wafike kazini siku tano kwa wiki. Hata Zoom, kampuni iliyoneemeka kwa kuwaunganisha watu waliojifungia majumbani wakati wa Covid-19, iliwaambia mwezi Agosti 2023 wale wanaoishi karibu na ofisi zake wafike angalau siku mbili kwa wiki.

Nchini Uingereza upepo umevuma kwa namna tofauti. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba utaratibu nafuu wa kazi, ikiwemo kufanyia kazi nyumbani, kuanzia siku ya kwanza ya ajira yake. Mwajiri anaweza kukataa, lakini ni lazima atoe sababu zinazotambuliwa na sheria.

Hoja ya wakubwa wengi wanaotaka watu warudi ofisini inajulikana: asiyeonekana na msimamizi wake huzembea. Je, ni kweli?

Jaribio linalotajwa sana katika mjadala huu lilifanyika China, miaka mingi kabla ya Covid-19. Kampuni ya safari ya Ctrip iliwachukua wahudumu wa simu wapatao 250 waliojitolea, ikawagawa kwa kura ya tarehe zao za kuzaliwa, kundi moja likabaki ofisini na jingine likafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa muda wa miezi tisa. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, walioandika matokeo hayo mwaka 2015, waliona kuwa kazi za waliokuwa nyumbani ziliongezeka kwa asilimia 13, na idadi ya walioacha kazi ikapungua kwa nusu. Jaribio jingine katika kampuni hiyo hiyo, lililohusu wafanyakazi 1,612 na matokeo yake kutolewa mwaka 2024, lilionyesha kuwa kukaa nyumbani siku mbili kwa wiki hakukudhuru utendaji wala kupandishwa vyeo, huku walioacha kazi wakipungua kwa thuluthi moja.

Kwa hiyo tuhuma ya uzembe haina mashiko makubwa. Lakini tukizitazama vizuri takwimu za jaribio la kwanza, tunaona jambo ambalo mashabiki wa kufanyia kazi nyumbani hawapendi kulisema. Katika ile asilimia 13, asilimia 9 ilitokana na watu kukaa kazini dakika nyingi zaidi katika zamu zao: walipunguza mapumziko na walichukua siku chache za ugonjwa. Ni asilimia 4 tu iliyotokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika. Na waliporuhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu ya wahusika walibadili uamuzi wao wa mwanzo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upweke.

Maana yake ni kwamba hatari kubwa ya anayefanyia kazi nyumbani si uvivu, bali ni kukosa kengele ya kutoka. Ofisini, taa huzimwa, mlinzi hufunga geti na wenzako huaga. Nyumbani kompyuta iko mezani na simu iko mfukoni, na ujumbe wa bosi huingia saa tatu usiku kana kwamba ni saa tatu asubuhi.

Hilo si suala la starehe tu. Mwezi Mei 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walifariki kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya kazi saa 35 hadi 40, mtu wa saa 55 anakabiliwa na hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35.

Baadhi ya nchi zimeamua kuipiga kengele hiyo kwa sheria. Ufaransa ilianza tarehe 1 Januari 2017, pale kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zilipotakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu barua pepe nje ya saa za kazi. Ureno ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomzuia mwajiri kumsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, na kumtaka agharamie nyongeza ya umeme na intaneti. Australia ikafuata tarehe 26 Agosti 2024. Uingereza, ambako chama cha Labour kiliahidi jambo kama hilo kabla ya kuingia madarakani mwaka 2024, muswada wa haki za wafanyakazi uliowasilishwa Oktoba mwaka huo haukuwa na kifungu hicho.

Na kwetu Afrika Mashariki je? Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na kumpa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Wapiga hesabu na wapige: anayejibu barua pepe ya kazi saa sita usiku na kuketi tena mbele ya kompyuta saa mbili asubuhi amepumzika saa nane tu. Nchini Kenya, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, aliwasilisha mwaka 2022 muswada wa kumlinda mfanyakazi dhidi ya simu na ujumbe wa kazi nje ya saa zake, na waajiri waliupinga.

Lakini hata sheria nzuri zina mpaka. Vijana wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaofanyia kazi nyumbani leo hawafanyi kwa mwajiri wa nchini mwao. Wanaandika, wanatafsiri, wanaandaa programu za kompyuta au wanahudumia wateja wa kampuni za ng'ambo, na mara nyingi mkataba wao ni wa mtu anayejitegemea, si wa mwajiriwa. Sheria ya kazi ya nyumbani kwao haimfikii bosi, na ya kwa bosi haiwafikii wao. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi wakati wa majira ya baridi, Nairobi ni saa kumi na moja jioni. Ikifungwa, Nairobi ni saa saba usiku. Juu ya hayo, bando la intaneti na jenereta ni juu yake mwenyewe. Mwezi Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipopata hitilafu, wapo waliokosa kazi ya siku nzima bila fidia yoyote.

Upo pia mpaka wa pili, nao umo ndani ya nyumba. Katika familia zetu aliye nyumbani huhesabiwa kuwa hana shughuli. Ataitwa kumpokea fundi, kumpeleka mtoto zahanati, kumkaribisha mgeni aliyepita kusalimia. Mwanamke huumia zaidi, kwa sababu sufuria na kompyuta vinamsubiri kwa wakati mmoja, naye hulipia tofauti hiyo kwa kukesha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazi ya ofisi iliingia majumbani mwetu mwaka 2020 kama mgeni wa dharura, na sasa ni yeye anayempa mwenyeji jembe.

Basi mtu huyu afanye nini? Kwanza, saa za kazi ziandikwe kwenye mkataba kwa saa za pande zote mbili, na ielezwe ni dharura gani inayoruhusu kupigiwa simu usiku. Ni rahisi zaidi kuyasema hayo kabla ya kusaini kuliko baada ya miezi sita ya kuitikia kila wito. Pili, gharama za umeme na intaneti zihesabiwe ndani ya bei, kama Ureno inavyowataka waajiri wake wazibebe. Tatu, walio nyumbani waambiwe waziwazi saa ambazo baba au mama yuko kazini, na wao waone kwamba zikiisha anafunga kompyuta kweli. Nne, laini ya simu ya kazi iwe tofauti na ya ndugu na jamaa, ili moja iweze kuzimwa. Na asiyetoka nje kutwa nzima ajilazimishe kutoka, iwe ni msikitini, kanisani, sokoni au kwa jirani, kwani upweke nao ni maradhi.

Hatua hizo zitasaidia, lakini si haki kumwachia mtu mmoja mmoja mzigo ambao Ufaransa na Australia zimeona haja ya kuubeba kwa sheria. Serikali zetu zinawahimiza vijana wachangamkie ajira za mtandaoni na kuzitaja miongoni mwa suluhisho la ukosefu wa kazi. Zikitaka ajira hizo ziwe za heshima, zianze kwa kumtambua kisheria kijana anayezifanya, aliyeko chumbani kwake Mbagala au Kawangware saa saba za usiku, akisubiri ofisi ya mbali ifungwe ndipo naye alale.