Sindano Kwanza, Spika Baadaye

Mwezi huu tuzungumze juu ya santuri. Mgololo ilikua pamoja na kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, na familia zilizohamia zilikuja na vitu vyao vya thamani. Katika baadhi ya nyumba bado lipo sanduku la santuri alizoacha baba au babu. Watoto wanataka kuzisikia, na mzee wa nyumba anataka kununua vyombo vya kuzipigia. Ni jambo jema, lakini ada ya shule na mbolea ya shamba vinangojea mfuko huo huo. Je, fedha kidogo iliyopo ianzie wapi?

Ushauri wetu ni kuanza na sindano na mashine inayoibeba. Wengi huvutiwa na spika kubwa kwa sababu hupendeza sebuleni. Lakini spika mbaya haiharibu santuri. Ukiibadilisha mwakani, santuri ni ile ile. Sindano iliyolika hukwangua mifereji ya santuri, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ukipoteza sauti ya wimbo uliopigwa siku ya harusi ya wazazi wako, huenda hutaipata tena dukani.

Chagueni mashine yenye uzito wa kurekebishwa nyuma ya mkono wa sindano. Sindano nyingi za kisasa hutaka mgandamizo wa gramu 1.5 hadi 2.5 hivi. Mashine nyingi rahisi za mfano wa sanduku hukandamiza zaidi ya hapo na hazirekebishiki. Wala msiweke sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke. Dawa yake ni kusafisha santuri au kubadili sindano.

Mkinunua mtumba, someni kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Japani hutaka volti 100 na ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mapigo ya umeme. Mota nyingine za zamani zilizotengenezwa kwa hezi 60 huzunguka polepole kwenye hezi 50 zetu, na mwimbaji husikika kama mgonjwa. Ombeni muuzaji apige santuri mkiwa pale pale.

Kuhusu amplifaya na spika, tazameni kwanza kilichopo nyumbani. Kama redio kubwa ina tundu la AUX, yatosha kwa kuanzia. Sauti itokayo kwenye sindano ni dhaifu mno, kwa hiyo tafuteni mashine yenye kikuza sauti ndani yake, au nunueni kidogo cha pembeni. Hapo fedha ya amplifaya na spika imebaki mfukoni. Mtu hujikuna ajipatapo.

Angalieni pia aina ya santuri zenu. Zile nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78 kwa dakika, za aina aliyorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zina mifereji mipana na hutaka sindano yake. Msizifute kwa spiriti, kwani huyeyusha uso wake. Santuri za plastiki, za mizunguko 33 na 45, hutumia sindano ya kawaida.

Mwisho, baridi na ukungu wa Mufindi huleta kuvu. Simamisheni santuri wima kama vitabu, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu. Kuzilaza moja juu ya nyingine huzipinda.

Kaeni na mwenzi wako, mpange pamoja: mwaka huu mashine na sindano nzuri, spika Mungu akijalia mavuno mengine. Santuri zimengoja miaka mingi. Hazitashindwa kungoja msimu mmoja zaidi ili zipigwe salama.